Pneu ya Hubert

Mukiona mu Saio, mutaa yetu ya Bunia, muzee murefu, mwembamba, anasukuma kinga, ni kusema baiskeli, yenye haina pneu ya mupira, chuma ya jante inalia juu ya changarawe krrr, krrr, musimucheke. Ao mumucheke, hakuna mambo, lakini mukimaliza mumusalimie vizuri. Huyo njo Ézéchiel, baba ya Ornella, bwana yangu. Kama kuna mutu mwingine mu Bunia muzima mwenye kichwa nguvu kumupita, Mungu alimuficha mbali na mimi, na ninamushukuru.

Mimi njo Brigitte, ule wa maziwa. Wateja yangu wanasemaka niko na mudomo. Ndiyo, iko! Muuza maziwa asipokuwa na mudomo, maziwa inachacha. Basi munisikilize, juu kila mutu mu hii quartier anaelezaka habari ya ile kinga vile anataka, na hakuna hata mumoja mwenye alikuwa ku daraja ya muto Shari karibu vile mimi nilikuwa.

Mbele ya vita hatukuishi mu muji. Tulikuwa na ng'ombe ku kilima, na kila asubuhi Ézéchiel alifunga bidon ya maziwa ku kinga yake ya kazi, akashuka nayo mpaka Bunia. Kwa njia ingine, kutoka upande ya Djugu, alikuja kijana mumoja mufupi, kifua pana, amefunga gunia ya choux, kabichi, nyuma. Huyo njo Hubert. Njia zao zilikutana mbele ya kuingia mu muji, na mwenye alifika soko wa kwanza njo aliuza wa kwanza. Wakaanza kukimbizana. Hakuna mutu aliwatuma! Maziwa ikamwagika, choux ikabiringika mu mufereji, mimi nikapiga kelele kwetu, Monique, bibi ya Hubert, akapiga kelele kwao, na wale wawili wakazidi kukimbizana.

Padri mumoja muzee, muzungu, mwenye kupenda mbio ya kinga kupita chakula, aliwatazamaka kila asubuhi. Alipoitwa kurudi kwao, aliwaachia kinga mbili ya course, ya mashindano ya mbio, sura moja, hautajua ni ya nani kama hauambiwe. Jante yake ilikuwa ya namba vingt-huit, ishirini na nane, ile kubwa, ya kung'aa, na pneu laini, nyembamba vile kidole changu. Juu ya njia kavu ilikuwa inaruka. Ile pneu ilitoka Ulaya mu valise ya padri. Hapa kwetu haikuuzwaka hata siku moja, juu nani atabeba bidon ya maziwa na pneu ya unene ya kidole?

Njo wakajipangia siku yao: Lundi ya Pasaka, kesho yake ya siku kuu yenyewe. Kutoka daraja ya Shari mpaka Irumu na kurudi. Mwenye kushindwa, bibi yake anachinja kuku, wote wawili wanakula pamoja. Nani alishindaka mara mingi? Musiwaulize. Mutakaa pale mpaka giza mukisikiliza uongo.

Mwaka ya kwanza Hubert alishindwa, akasema Ézéchiel alijizoeza kwa siri. Kukawa maneno. Mwisho wakaamua hivi: course ikiisha, kila mutu anamutolea mwenzake pneu ku jante, anaenda kuitunza kwake mpaka Pasaka yenye kufuata. Ya Ézéchiel inalala kwa Hubert, ya Hubert inalala kwetu. Kinga inakaa ku ukuta, hakuna kujizoeza. Na siku ya course, mimi ninakuvalisha pneu yako, weye unanivalisha yangu. Ukinifungia vibaya, ujue na yako iko mu mikono yangu. Watu walisema ni upumbavu. Mimi mwenyewe nilisema. Lakini kama mwaka ile kuku ilikuwa ya Monique, mangaribi nilisikia jante tupu inalia juu ya mawe kutoka mbali, krrr, krrr, na nilijua bwana yangu anarudi, ameshiba, amefurahi, na pneu ya Hubert iko mu bega yake. Nilipendaka ile sauti. Sikumwambia.

Kisha vita. Sitaieleza, munaijua. Nitasema tu hii: watu wenye walichoma kijiji yetu walitoka upande ya akina Hubert, na watu wenye walichoma kijiji ya Hubert walitoka upande yetu. Siku ile Ézéchiel alitoa kinga ya course ku ukuta, bila pneu, akamupandisha Ornella juu, mutoto mudogo wakati ile, na sufuria, na blanketi, akasukuma. Tulipofika ku migomba, moto ilishika nyumba ya jirani. Akasimama.

"Pneu ya Hubert iko mu plafond, juu ya dari," akasema, na akageuka kurudi.

Nilimushika shati. Shati ikapasuka, nikamushika mukaba. Nikamwambia, "Ukirudi kule, mimi ninakufia hapa hapa na mutoto yako!" Akanitazama. Kisha akashika guidon, usukani ya kinga, akasukuma. Nilimushika, na ningemushika tena, hata leo, hata kama Hubert angekuwa askofu.

Ng'ombe ikaenda. Kijiji ikaenda. Tukabaki mu Saio, nyumba ya kupanga. Mimi nikaanza kuuza maziwa ya ng'ombe ya watu, Ézéchiel akabeba mizigo ku kinga ya kuazima, na ile ya padri ikatundikwa ku ukuta, jante tupu. Vita ikaisha, ao watu wakaanza kusema imeisha. Kila nyumba mu quartier ilikuwa bado na mufuko karibu na mulango, na yetu vilevile: karatasi ya kuzaliwa ya Ornella, chumvi, kiberiti, kikwembe ya kujifunga, na ile sufuria. Mufuko ya kukimbia. Ukisikia baruti haufikiri, unakamata mutoto na mufuko. Ukisikia jirani anapiga misumari ku mabati, unakamata pia, kisha unarudisha mufuko chini na kucheka peke yako.

Mu amani ya namna ile njo Prudence alikuja. Ni mama kijana wa kijiji ya Hubert, alikuwa ameanza tena kuleta choux ku soko. Tulikuwa katikati ya Kwaresima. Alisimama mbele ya bidon yangu, hakununua, hakuenda.

"Mama, weye njo bibi ya Ézéchiel wa kinga?"

"Njo mimi."

"Hubert anawasalimia. Anasema: mwambie Ézéchiel, Lundi ya Pasaka, ku Shari, kama kawaida. Asisahau yangu."

"Yake nini?"

"Alisema tu vile, mama. Alisema baba atajua."

Siwezi kudanganya, niliogopa. Tangu siku ya migomba hatukujua kama Hubert ako muzima, na kama ako muzima, anatuwazia nini. Nikamuuliza Prudence: Monique je? Watoto je? Akasema wote wako, walikimbiaka mu pori, wakarudi, wanalima. Nikamupa kikombe ya maziwa, nikafunika bidon, nikaenda ku nyumba. Nilipomwambia Ézéchiel, alikaa juu ya kiti ya mingazi, akafunika uso, mabega ikatetemeka. Nilifikiri analia. Alikuwa analia na anacheka, yote mbili pamoja.

"Ako muzima," akasema. "Hubert ako muzima!" Kisha uso ikabadilika. "Mama Ornella, pneu yake iliungua."

Basi shida njo ilianza pale. Siku zile Ézéchiel alikula kidogo, alijibu kidogo. Aliniambia, "Mutu yule atavuka barrière, vizuizi yote ya waaskari, atakuja kwa watu wenye anaweza kusema walimuunguzia nyumba, na anauliza kitu moja tu. Nitamupa nini? Majivu? Atafikiri niliitupa. Atafikiri siku ile mimi pia nilikuwa na wale wenye walichoma." Nilimuona anateseka kabisa. Wahenga walisema mukono mutupu haurambwi, na bwana yangu alikuwa anaitazama mikono yake yote mbili.

"Na yako?" nikamuuliza. "Ile yako yenye ilibaki kwa Hubert?"

"Iko."

"Iko wapi? Mutu amekimbia mu pori na watoto, mvua juu, njaa chini, atakumbuka pneu yako? Baba Ornella, ebu fikiri na kichwa, usifikiri na kifua!"

"Iko," akasema tena, na akaenda kunawa mikono.

Nikamukokota mpaka kwa Katsuva, mwenye kuuza pièces, vipuri ya kinga ku soko. Katsuva anasemaka kweli hata kama kweli inamufukuzia muteja. Alizunguka ile kinga ya padri, akapapasa jante, akapiga ulimi.

"Muzee, pneu nyembamba ya vingt-huit, ya mbio? Mu Bunia hakuna. Beni hakuna. Butembo kwetu sijaiona tangu nizaliwe. Hata Kampala utaulizia mpaka uchoke. Iko vingt-huit ingine, hii ya kinga ya mizigo, lakini ona." Akakamata moja, nene, ngumu, akaivalisha ku jante. Ikacheza kama kiatu ya baba ku muguu ya mutoto. "Namba ni moja, mwili ni mwingine. Ukikimbia nayo itatoka ku kona, na weye utaifuata."

"Na vingt-six?" nikauliza mimi.

Katsuva akacheka. Vingt-six, ishirini na sita, ni ile roue, gurudumu ndogo, ya kinga ya vijana wa siku hizi, na pneu yake inatoka Uganda kila juma. Alishusha mbili ku musumari: nyepesi, laini, haina meno, na mustari mwekundu ku mbavu. "Hii njo ya mbio, muzee. Ikipasuka leo, kesho ninakupa ingine. Siku hizi mutu hachague roue kwanza. Anatazama pneu yenye iko, kisha anachagua roue yenye itaivaa."

"Umesikia?" nikamwambia Ézéchiel. "Mutu wa kazi amesema."

"Roue ya watoto," akajibu, akakamata kinga yake, tukarudi.

Eh, watu yangu! Kwaresima muzima tuligombana juu ya roue. Nyumba zingine wanagombana juu ya pombe, juu ya wanawake, siye juu ya inchi mbili ya chuma. Alikaa mu kiwanja, anasugua jante ya vingt-huit na majivu na ndimu mpaka ningeweza kusuka nywele nikijitazamia ndani. Mimi nilikuwa ninapita na bidon, ninamwambia, "Sugua, sugua. Siku ile utakimbia juu ya nini? Juu ya kung'aa?" Majirani wakagawanyika. Na siku moja, kasirani ilipopanda, nilisema ile yenye ilikuwa mu roho yangu: "Hubert hatakuja. Na kama anakuja, hatakuja na pneu. Watu wa leo hawako wale wa zamani." Ézéchiel akaendelea kusugua. Mimi nilipoteza kijiji muzima, sikutaka kungojea kitu tena.

Halafu, mu juma takatifu, ninarudi soko ninamukuta mu kiwanja, na kinga imesimama chini, imekuwa fupi. Roue ya vingt-six! Mbele na nyuma, na ile pneu ya mustari mwekundu. Katsuva alichomelea vipande ya chuma juu frein, breki, ishuke, ifikie jante ndogo. Pédale, ile ya kukanyaga, ilikuwa karibu iguse udongo. Ile jante kubwa ya kung'aa aliitundika ku ukuta, kila moja ku musumari yake.

"Kumbe uko na masikio!" nikapiga kelele.

"Niko nayo," akasema. "Ni vile ulisema, Mama Ornella. Pneu njo inachagua."

Sikumbuki siku ingine Ézéchiel aliniambia nimesema kweli. Kesho yake nilielezea kila muteja, na nilimumiminia kila mumoja maziwa kidogo ya bure juu ya furaha. Yeye, nikieleza, anatabasamu tu na kutazama pembeni. Nilipaswa kujua. Ézéchiel hatabasamake akishindwa.

Lundi ya Pasaka jua ilitoka safi. Mvua ya Jumapili ilikuwa imelaza vumbi. Tukaenda ku Shari, mimi, Ornella, na yeye juu ya kinga yake fupi. Kuku yangu ya madoadoa, yenye kutaga vizuri, niliiacha imefungwa nyumbani, na niliiaga kama mutu mwenye imani haba. Waaskari walikuwa ku barrière karibu na daraja. Kwa kinywa ya Prudence, Hubert na Ézéchiel walikuwa wamepatana course ifupishwe: mpaka juu ya kilima ya kwanza na kurudi, juu kupita pale hakuna mutu angeapa njia iko salama.

Tukangoja. Watu wa kutazama walikuja, wakanunua karanga, wakamaliza karanga. Jua ikapanda. Mumoja akaenda, wengine wakafuata. Ézéchiel alisimama tu ameshika guidon, amevaa shati yake nyeupe ya misa. Askari mumoja akamuuliza, "Muzee, unangoja nani?"

"Ndugu yangu."

"Anatoka wapi?"

Ézéchiel akamutajia kijiji ya Hubert. Askari akamutazama bwana yangu, sura yake, urefu yake, na akajua siye ni watu wa ule upande ingine. Akarudi ku kivuli yake.

Niwaambie kweli. Nilikuwa ninaenda kuwa na haki. Nilisema hatakuja, na hakukuja. Na ile haki ilikuwa chungu mu kinywa yangu vile kwinini. Niliomba, mimi Brigitte mwenye mudomo, niliomba pale ku njia: Mungu, nifanye muongo leo tu.

Njo nikasikia. Krrr. Krrr.

Nikafikiri ni kichwa yangu, juu Ézéchiel alikuwa pale karibu, na kinga yake ilikuwa na pneu. Lakini Ézéchiel pia aliinua shingo. Sauti ilitoka upande ya muji, na kicheko ya watu nyuma yake. Kisha ku kona akatokea mutu mufupi, kifua pana, nywele nyeupe, anachechemea muguu mumoja kidogo, anasukuma kinga ya padri, jante ya vingt-huit, tupu kabisa. Camion, lori ya choux, ilimushusha ku soko, na kutoka pale alivuka Bunia muzima na ile chuma inalia, watu wanamucheka, na kila mwenye alimucheka alimujibu: "Pneu yangu iko ku Shari, kwa mwenye kuitunza." Ku kifua alijifunga kikwembe ya Monique, vile mama anafunga mutoto.

"Shemeji Brigitte!" akaita kutoka mbali. "Ule mudomo bado iko?"

"Iko!" nikajibu.

Hawakukumbatiana. Walisimama, kinga na kinga katikati yao, wanatazamana. Hubert akafungua kikwembe. Ndani, pneu mbili nyembamba, nyeusi, safi, haina hata ufa.

"Yako," akasema. Akanyoosha mukono ingine. "Yangu?"

Ézéchiel akamwonyesha mukono mutupu. "Iliungua, Hubert. Ilikuwa mu plafond, nyumba ikaungua nayo. Nilitaka kurudi..."

"Nilimushika mimi!" nikapayuka. "Nilimupasua shati! Ukitaka kukasirika, unikasirikie mimi!"

Hubert akanitazama. Akamutazama Ézéchiel. Kisha macho yake ikashuka ku roue, ile ndogo, na mustari yake mwekundu.

"Na hii miguu mifupi ni nini?"

"Vingt-six," Ézéchiel akasema. "Sikiliza. Mu Ituri muzima pneu nzuri ya vingt-huit ni paire moja tu, ile uko nayo mukononi. Kinga ni mbili. Nikajiambia, mumoja wetu lazima atoke mu vingt-huit, na mwenye alipoteza ya mwenzake njo atoke. Pneu ya vingt-six iko mu soko. Ile yangu, vaa weye."

Mimi! Siku zote zile nilifikiri nimemushinda. Nilifikiri alibadilisha roue juu alikubali Hubert hatakuja na pneu. Kumbe alibadilisha juu alijua atakuja nayo. Alihesabu pneu ya Hubert kama iko mu nyumba yetu, na vita yote ile haikupunguza hata moja.

Hubert alipangusa pua na mukono. "Siku tulikimbia," akasema, "tulipofika mu pori Monique akaniuliza, umebeba nini? Nikaangalia: nimebeba pneu ya Ézéchiel, nimesahau radio yake. Mpaka leo ananikasirikia." Akataka kucheka, ikakataa. Akamukamata Ézéchiel shingo, kinga zote mbili zikaanguka, na wale wazee wawili wakalia kila mutu mu shati ya mwenzake, hawana haya. Askari wa barrière aligeuka kutazama muto. Mimi nililia kwa sauti, sikujificha, na yule mwenye kuuza karanga pia alilia.

Kisha kazi. Ézéchiel akapiga magoti, akavalisha pneu yake mwenyewe ku jante ya Hubert, polepole, kidole kwa kidole. Hubert akageukia ile ya vingt-six. "Nani alikuvalisha hii?"

"Katsuva."

"Katsuva njo nani?" Akafungua upepo, akatoa pneu yote mbili, akaivalisha upya na mikono yake. Kawaida ni kawaida.

Askari mwenyewe njo alipandisha barrière na kushusha mukono. Wakaenda! Ku mupando roue ndogo ilikuwa nyepesi, Ézéchiel akatangulia, shati imejaa upepo, nami ninaruka ruka ninasahau niko mama ya mutu. Wakageuka kule juu. Wakashuka, Ézéchiel mbele bado. Lakini kinga ilikuwa chini mno. Ku kona pédale ikagusa udongo, na bwana yangu akaenda mu mufereji, yeye na shati ya misa.

Hubert akageuza kichwa. Akaona mwenzake anajitikisa. Na hakungoja! Aliinama juu ya guidon, akakanyaga, akanipita mbio huku anacheka na meno yote. Nilimutukana mpaka sauti ikaisha. Na roho yangu ilikuwa tamu kabisa, juu mutu anamungojaka tu mwenye anamuonea huruma. Ézéchiel akafika nyuma, tope mu sikio, anapiga kelele kwamba roue ndogo ilimusaliti na lazima course irudiliwe.

Haikurudiliwa. Kuku yangu ya madoadoa ilichinjwa. Hubert alikula miguu yote mbili, akaomba kijiko ya mwisho ya sombe, majani ya muhogo, na akaniambia Monique anapikaka vizuri kunipita. Nilimwambia amulete Monique anionyeshe.

Walipomaliza, wakafanya ile ya siku zote. Hubert alitoa pneu ya mustari mwekundu ku kinga ya Ézéchiel, akaifunga mu kikwembe ya Monique. Ézéchiel alitoa ile nyembamba ku kinga ya Hubert. Akaishika kidogo. "Kuanzia leo pneu hii ni yako," akamwambia. "Mimi ni wa kuitunza tu." Jua ilikuwa inaanza kuinama, camion ya choux haingojake mutu. Ézéchiel akamusindikiza mpaka soko, kila mutu na kinga yake tupu, na Saio yote ikasikia chuma inaimba kwa sauti mbili.

Nikabaki na Ornella, sahani, na ile pneu juu ya meza. Niliitazama. Kisha nikaenda ku mulango, nikafungua mufuko ya kukimbia. Pneu haikuingia. Nikatoa sufuria, nikajaribu tena, ikaingia vizuri, chini ya kikwembe, juu ya karatasi ya mutoto.

Sauti moja ikarudi kwa njia, krrr, krrr. Ézéchiel akaingia, akatafuta ku meza, akakamata kiti, akapanda, anapapasa mu plafond fasi ya kuficha.

"Shuka," nikamwambia. "Pneu ya Hubert iko mu mufuko."

Akashuka. Akatazama mufuko. Akatazama sufuria, imekaa peke yake ku mafiga.

"Na sufuria, Mama Ornella? Siku tutakimbia, tutapikia mu nini?"

"Sufuria iko mu kila soko," nikamwambia. "Hii hakuna hata Kampala."